Uzi: Je, mwanasheria anaweza kuishi kwa kazi za tamthilia za jukwaani peke yake?

#1 Kiti cha Mbele

Salaam wadau. Ninamaliza masomo ya sheria, na tangu nikiwa sekondari sijawahi kukaa mbali na jukwaa: nimeigiza, nimeshona mavazi, nimeendesha taa. Nia yangu ni kuwa mwanasheria wa burudani, lakini si wa filamu wala wa wanamuziki. Ninataka kuwatumikia watu wa tamthilia. Kila wakili ninayemweleza nia hiyo hunitazama kwa huruma, kisha hunishauri nihamie kwenye filamu au michezo ya kulipwa, kwa madai kwamba jukwaa halilishi mtu. Ni kweli kwamba nikitafuta mawakili wanaojulikana kwa kazi hii, ninapata wachache mno wakilinganishwa na wale wa muziki. Swali langu ni hili: uchache wao unatokana na nini? Je, kazi haipo, au ipo ila watu hawaioni? Ningependa kuwasikia walio ndani, hata kama majibu yatanikatisha tamaa.

#2 Meza ya Mikataba

Karibu, mdogo wangu. Kazi ipo, na haionekani kwa sababu sehemu yake kubwa humalizika kabla mwigizaji wa kwanza hajaingia mazoezini.

Chukua tamthilia moja tu. Mtayarishaji amesoma mswada na ameupenda. Kwanza hulipa opsheni, yaani fedha za kumzuia mwandishi asiutoe mswada huo kwa mwingine kwa muda uliotajwa, na ndani ya mkataba huo lazima pawe na tarehe ambayo ikipita bila onyesho la kwanza la kulipia, haki zote zinarudi kwa mwandishi. Ikiwa tamthilia imetokana na riwaya, kuna mkataba mwingine na mwenye riwaya, na huo hutangulia, kwa kuwa mwandishi wa jukwaa hawezi kuuza asichokuwa nacho. Ikiwa ina nyimbo, pana mtunzi wa muziki na mtunzi wa maneno ya nyimbo, na hao wote pamoja na mwandishi wa tamthilia wanahitaji mkataba wa ushirikiano unaosema nani anamiliki nini, nani ana kauli ya mwisho, na itakuwaje mmoja akijitoa au akifariki kazi ikiwa katikati. Bado mwongozaji, mtunzi wa ngoma (yaani anayepanga miondoko ya kucheza), wabunifu wa jukwaa, mavazi, taa na sauti, waigizaji, ukumbi, bima na wawekezaji. Nimewahi kuhudumia onyesho la waigizaji wanne ambalo faili la mikataba yake lilikuwa nene kuliko mswada wenyewe.

Kwa maoni yangu mawakili ni wachache kwa sababu watu wa jukwaa huanza kwa kuaminiana na huja kwetu ugomvi ukishazuka, wakati ambapo kilichobaki ni kugawana hasara.

#3 Hesabu Kwanza

Mkuu wa #2 ameeleza vizuri, lakini amelikwepa suala la fedha. Ukumbi wa viti 300 ukijaa umejaa. Huwezi kuuza tiketi ya 301, na kesho usiku lazima uwalipe watu walewale wafanye kazi ileile upya. Filamu ikishakamilika inanakiliwa na kuonyeshwa maelfu ya mahali bila kumwita mwigizaji tena. Wakili analipwa kutokana na pato la mteja, na pato la jukwaa lina dari. Ndiyo maana wenzetu wanaoanza na tamthilia huishia kwenye filamu na televisheni, ambako mteja yuleyule, mwandishi yuleyule, ana uwezo wa kulipa. Kwangu mimi hilo linatosha kueleza uchache wao, bila kutafuta sababu nyingine.

#4 Mwandishi wa Usiku

Ndugu Hesabu Kwanza, dari unayoizungumzia ni ya onyesho moja katika ukumbi mmoja. Tamthilia iliyofanikiwa huchezwa na vikundi vingi kwa miaka mingi: vya kulipwa, vya shule, vya kujitolea, vya lugha nyingine. Kila kimoja kinahitaji leseni, na hapo ndipo mwandishi anapopata riziki. Kampuni za leseni kama Music Theatre International na Concord Theatricals zipo kwa ajili ya kazi hiyo, na Samuel French, ambayo leo ni sehemu ya Concord, ilianza mwaka 1830. Biashara isiyolisha mtu haidumu karne mbili.

Kuna jambo jingine ambalo mawakili wa filamu hulisahau wakija upande wetu. Katika filamu za Hollywood, mwandishi kwa kawaida huiuza kazi yake, na studio ndiyo inayohesabiwa kuwa mwenye hakimiliki. Kwenye jukwaa mwandishi hubaki mwenye mali, na mtayarishaji hupewa ruhusa tu. Waandishi wa Marekani walilipigania hilo kwa pamoja kupitia chama chao, Dramatists Guild, wakapata mkataba wao wa msingi mwaka 1926, na tangu hapo msimamo umekuwa kwamba hakuna neno linalobadilishwa katika mswada bila idhini ya mwandishi. Mimi mwenyewe niliwahi kuletewa mkataba ulioandikwa na wakili wa filamu, ambao ungeniondolea mswada wangu moja kwa moja kwa malipo ya mara moja. Hakuwa na nia mbaya. Alichukua mkataba aliouzoea akabadilisha majina. Niliokolewa na mwenzangu aliyekuwa ameshaumia. Kwa hiyo mleta mada asidanganywe kwamba ni kazi ileile yenye malipo madogo. Ni kazi nyingine.

#5 Mtafiti wa Maktaba

Niongeze historia kidogo, maana inaeleza kwa nini taaluma hii ina sura iliyo nayo. Mwaka 1777 Beaumarchais aliwakusanya waandishi wenzake wa Ufaransa kudai hesabu za kweli kutoka kwa Comédie-Française, kikundi kikuu cha tamthilia cha Paris, na kutokana na mkusanyiko huo kikaja kukua chama kinachoitwa SACD, ambacho bado kinakusanya mirabaha, yaani malipo ya waandishi wa jukwaa kazi zao zinapochezwa. Mwaka 1791 sheria ya Mapinduzi ikamtambua mwandishi kuwa ndiye anayetoa ruhusa ya tamthilia yake kuchezwa hadharani. Uingereza ilifuata mwaka 1833, na Marekani mwaka 1856, baada ya juhudi za watu kama Dion Boucicault, aliyekuwa mwandishi na mwigizaji.

Tazameni jinsi haki ya kuchapa na haki ya kucheza zilivyokuwa vitu viwili tofauti. Uingereza ilikuwa na sheria ya hakimiliki ya vitabu tangu mwaka 1710, lakini kwa zaidi ya karne moja baadaye mtu aliweza kununua tamthilia iliyochapwa dukani na kuicheza bila kumlipa mwandishi chochote. Gilbert na Sullivan, watunzi wa Uingereza wa tamthilia za muziki, nao waliporwa Marekani, ambako vikundi vingi vilicheza kazi yao ya mwaka 1878 bila ruhusa. Kwa kazi iliyofuata wakapanga mambo kwa uangalifu: tarehe 30 Desemba 1879 kikundi kidogo kiliicheza katika mji wa Paignton ili kulinda haki za Uingereza, na kesho yake ikafunguliwa rasmi New York ili kuwawahi maharamia wa huko. Nina hakika mpango wa namna hiyo haukufanywa na wasanii peke yao bila mtu wa sheria pembeni.

#6 Chama Kwanza

Asanteni kwa historia, lakini mimi nina maelezo tofauti kabisa. Mawakili ni wachache kwa sababu vyama vimeifanya kazi hiyo mapema. Waigizaji wa Marekani waliunda chama chao, Actors' Equity, mwaka 1913 na wakagoma mwaka 1919, wakati huo wakifanya mazoezi kwa wiki kadhaa bila malipo na kuachwa njiani onyesho likifungwa ghafla. Leo saa za mazoezi, kima cha chini cha mshahara, dhamana ya mishahara inayowekwa kabla ya onyesho kufunguliwa, vyote vimo katika mikataba ya pamoja. Waandishi nao wana mkataba wa mfano. Wakili anabaki kujaza majina na tarehe.

#7 Meza ya Mikataba

Ndugu Chama Kwanza, ninaiheshimu sana kazi ya vyama, ila mkataba wa mfano ni sakafu, na kazi yangu huanzia juu ya sakafu hiyo. Fomu hujazwa kwa nusu saa. Viambatisho vyake hujadiliwa kwa miezi. Je, mwandishi atapata asilimia ya mapato ghafi ya tiketi kila wiki, au ataingia kwenye fungu la pamoja ambamo wenye mirabaha wote hugawana sehemu ya faida ya wiki? Njia ya kwanza inamlinda wiki ya viti vitupu, ya pili inaliokoa onyesho lisifungwe. Mirabaha inapanda lini: mtaji ukishamaliza kurudi, au wawekezaji wakishapata ziada fulani juu yake? Nani anathibitisha kwamba umerudi, na hesabu hizo zinakaguliwa na nani? Mtayarishaji wa kwanza atapata sehemu gani ya mapato ya baadaye ya mwandishi, yale ya leseni alizozitaja Mwandishi wa Usiku katika #4, na kwa miaka mingapi? Swali hilo la mwisho ndilo linaloamua nani atakuwa na pensheni.

#8 Mwongozaji Mstaafu

Naona wote mnazungumzia waandishi. Sisi waongozaji hatuna hata huo mkataba wa kujivunia. Niliwahi kuongoza tamthilia ambayo baadaye ilichezwa na kikundi kingine, nami nikaenda kuitazama kama mtazamaji wa kawaida. Katika tukio la pili mwanamke anavuka jukwaa akiwa na beseni, anasimama hatua mbili kabla ya mlango, analiweka chini, anageuka kwa bega la kushoto. Mswada hausemi lolote kuhusu beseni. Nililiweka mimi, baada ya siku nyingi za kubishana na mwigizaji. Baadaye nikafahamu kwamba daftari la meneja wa jukwaa, lile lenye michoro ya kila mwendo na alama za taa, lilikuwa limeazimwa likanakiliwa. Wakili niliyemwendea, mtu mwema na mwerevu, aliniuliza maswali ya mali ya kawaida: lile daftari ni la nani, limelipiwa na nani. Hakujua aanzie wapi kuhusu kile kilichoandikwa ndani yake.

#9 Mtafiti wa Maktaba

Pole sana, Mzee wetu. Suala lako halijapata jibu la mahakama hata mahali penye kesi nyingi. Miaka ya 1990 mwongozaji Joe Mantello aliushtaki ukumbi mmoja wa Florida akidai kwamba mpangilio wake wa jukwaani ulinakiliwa kutoka onyesho la New York; kesi ikaisha kwa makubaliano, na swali la msingi likabaki palepale. Watunzi wa ngoma wametangulia mbele zaidi: Hanya Holm alisajili ngoma zake za tamthilia moja ya muziki mwaka 1952 kwa kuziandika katika alama za Labanotation, mfumo wa kuandika miondoko ya mwili, na sheria ya Marekani ya mwaka 1976 ikazitaja kazi za ngoma kwa jina. Kazi ya mwongozaji haikutajwa.

#10 Chama Kwanza

Na hapo ndipo waandishi huja juu. Ukimpa mwongozaji hakimiliki ya mwendo, mwandishi hawezi tena kumpa mtu mwingine tamthilia yake bila hofu kwamba bega la kushoto litashtakiwa. Nampenda sana Mzee wa #8, lakini katika jambo hili nasimama na mwandishi.

#11 Mwongozaji Mstaafu

Simnyimi mwandishi mswada wake, kijana wangu. Ninachodai ni mkataba unaosema kwamba mpangilio wangu ukitumiwa mahali pengine, nitalipwa na jina langu litatajwa. Hilo halihitaji sheria mpya. Linahitaji wakili anayejua kuliandika kabla ya mazoezi.

#12 Kiti cha Mbele

Asanteni nyote, ninasoma kila neno. Naomba kuuliza kuhusu mtu wa katikati, yule anayemsaidia mwandishi kupanga upya mswada wakati wa maandalizi bila kuwa mwandishi mwenyewe. Je, naye ana haki gani?

#13 Mtafiti wa Maktaba

Kesi yake ipo na inafundishwa. Lynn Thomson aliajiriwa na New York Theatre Workshop mwaka 1995 amsaidie mwandishi Jonathan Larson kuusuka upya mswada wa tamthilia ya muziki iitwayo Rent. Mkataba wake ulimpa dola 2,000 na kutajwa jina, na haukusema chochote kuhusu hakimiliki. Larson akafariki Januari 1996, kabla tu ya maonyesho kuanza, na kazi ikawa kubwa kupita matarajio ya kila mtu. Thomson akadai kuwa mwandishi mwenza na kuomba asilimia 16 ya fungu la mwandishi. Mahakama ya rufani ilimkatalia mwaka 1998, kwa kutumia kipimo ilichokuwa imekiweka mwaka 1991 katika kesi ya Childress dhidi ya Taylor: haitoshi kwamba umechangia maneno, lazima wote wawili mwe mlikusudia kuwa waandishi wenza. Larson hakukusudia hivyo. Lakini mahakama haikuamua kama Thomson alibaki na haki juu ya yale aliyoyachangia mwenyewe, na pande zote zikamalizana nje ya mahakama.

#14 Meza ya Mikataba

Hapa nataka mleta mada atulie, kwa sababu maelezo ya #13 yanaonyesha thamani ya kazi unayoitamani. Sentensi moja katika mkataba ule, ikisema ama kwamba kila anachochangia mshauri wa mswada kama Thomson ni mali ya mwandishi kwa malipo fulani, ama kwamba ana sehemu fulani, ingezuia madai yote hayo. Tangu kesi ile, sijawahi kuruhusu mshauri, mfasiri wala mwigizaji wa mazoezi ya ubunifu aingie chumbani bila karatasi, hata kama wote ni marafiki wa miaka mingi. Hasa kama ni marafiki.

Kuhusu namna ya kuanza, nitasema ninayoyaamini. Jifunze hakimiliki, mikataba, kodi na sheria ya kampuni kwa bidii kuliko mwenzako yeyote, kisha ufanye kazi katika ofisi ya mtayarishaji au kampuni ya leseni, hata kwa cheo kidogo, mpaka uweze kusoma bajeti ya wiki na kusema kwa macho tu kama onyesho litafika mwezi wa tatu. Jitolee kwenye asasi za msaada wa sheria kwa wasanii. New York wanayo Volunteer Lawyers for the Arts tangu 1969, na mfano huo umeigwa kwingine. Na usome miswada. Wakili asiyesoma mswada hataona kwamba ukurasa wa 40 mhusika anaimba beti mbili za wimbo wa mtu mwingine, na kwamba leseni ya kawaida ya ukumbi ya kupiga muziki haigusi wimbo unaoimbwa ndani ya hadithi.

#15 Hesabu Kwanza

Nakubali kuhusu bajeti, na niongeze kwamba kazi yenye malipo ya uhakika zaidi iko kwa wawekezaji. Nchini Marekani, mtu anayechangia mtaji wa onyesho akitarajia faida anahesabiwa kuwa amenunua dhamana ya uwekezaji, kitu cha jamii ya hisa, kwa hiyo sheria za soko la mitaji zinahusika. Na jimbo la New York lina sheria mahususi ya uwekezaji wa maonyesho inayosimamiwa na Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Kampuni huundwa kwa ajili ya onyesho moja tu, waraka wa kuwaalika wawekezaji huandaliwa ukieleza kwamba fedha zote zinaweza kupotea, na kosa dogo katika waraka huo linaweza kumfanya mtayarishaji adaiwe binafsi. Wakili wa kazi hiyo hulipwa kutoka kwenye mtaji, kabla ya pazia. Lakini nasisitiza: huyo ni mwanasheria wa mitaji anayependa jukwaa. Kama mleta mada anataka kukaa na waandishi wachanga, hoja yangu ya #3 bado haijajibiwa.

#16 Mwandishi wa Usiku

Na mawakili hao hao wa mitaji, baadhi yao huishia kuwa watayarishaji. Sielewi mteja analindwaje ikiwa wakili wake ameweka fedha zake katika onyesho analoliandikia mkataba, au anamwakilisha mtayarishaji asubuhi na mwandishi jioni.

#17 Meza ya Mikataba

Hofu yako ni ya haki, Dada. Kanuni za maadili zinamtaka wakili amweleze mteja kwa maandishi, amshauri atafute wakili mwingine huru, na apate ridhaa yake. Hata hivyo ukaribu huo haukuanza jana. John Wharton, aliyekuwa mmoja wa mawakili wakubwa wa tamthilia New York, alikuwa mshirika wa Playwrights' Company iliyoundwa na waandishi mwaka 1938 ili watayarishe kazi zao wenyewe. Waandishi ndio waliomtaka awe ndani. Mji wa tamthilia huwa na watu wachache wanaojuana wote. Wakili anayekataa kila mgongano wa maslahi atabaki bila mteja, na asiyekataa wowote atabaki bila jina. Labda hiyo nayo ni sababu ya uchache wao.

#18 Msoma Mabango

Habari za jioni. Ninatengeneza mabango ya maonyesho, na naweza kuthibitisha kwamba mawakili hawa wapo, kwa sababu hunitumia barua kuhusu ukubwa wa herufi. Jina la mwigizaji mkuu liwe nusu ya kimo cha jina la tamthilia, la mwandishi lisiwe dogo kuliko la mwongozaji, na popote mwongozaji anapotajwa mtunzi wa ngoma atajwe katika mstari wake mwenyewe. Hupima kwa rula. Niliwahi kurudia bango zima kwa sababu herufi za jina moja zilikuwa nyembamba, ingawa kimo kilikuwa sawa.

Nashangaa pia kwamba hakuna aliyetaja The Mousetrap ya Agatha Christie, iliyofunguliwa London mwaka 1952. Mkataba wake unazuia filamu kutengenezwa mpaka onyesho la London lifungwe na miezi sita ipite. Halijafungwa.

#19 Chama Kwanza

Ndugu Msoma Mabango, herufi nyembamba kweli zilistahili kurudiwa. Jina ndilo linalomletea mwigizaji kazi inayofuata. Kwa kuwa tumefika kwenye mikataba ya ajabu, pia kuna tamthilia ya Peter Pan, ambayo hospitali ya watoto ya Great Ormond Street ina hakimiliki yake milele.

#20 Mtafiti wa Maktaba

Naomba kurekebisha #19, kwa kuwa mwanafunzi anasoma. Barrie, mwandishi wa Peter Pan, aliipa hospitali haki zake mwaka 1929, na hakimiliki Uingereza iliisha mwisho wa mwaka 1987, miaka 50 baada ya kifo chake. Ilifufuliwa baadaye muda uliporefushwa kuwa miaka 70, ikaisha tena mwaka 2007. Kilicho cha milele ni kitu kingine: sheria ya mwaka 1988 iliipa hospitali haki ya kulipwa mrabaha kazi hiyo inapochezwa hadharani au kuchapwa ndani ya Uingereza. Hospitali haiwezi kwa haki hiyo kumkataza mtu kuicheza. Inaweza tu kudai malipo. Nje ya Uingereza haki hiyo haina nguvu.

#21 Chama Kwanza

Nimeelewa, asante.

#22 Mfasiri wa Michezo

Salaam. Nimefuata uzi kimya na ningependa kuingiza upande wa tafsiri. Watu hudhani tamthilia ya kale ni bure. Maneno ya Shakespeare ni mali ya umma, lakini tafsiri iliyofanywa na mtu aliye hai ni kazi yenye hakimiliki yake, na vikundi vingi huichukua kitabuni na kuicheza bila hata kuuliza. Na ukitafsiri kazi ambayo bado inalindwa, unahitaji ruhusa kabla ya kuandika sentensi ya kwanza, pamoja na uamuzi wa mapema kuhusu nani ataimiliki tafsiri yako.

Kisha kuna suala la kubadilisha. Mwandishi Samuel Beckett alikataa wanawake wacheze tamthilia yake Waiting for Godot. Mwaka 1988 mahakama ya Uholanzi ilikiruhusu kikundi cha wanawake kuendelea. Mwaka 1992 mahakama ya Paris iliwapa ushindi wasimamizi wa kazi zake, kwa hoja ya haki ya mwandishi kuheshimiwa kwa kazi yake. Tamthilia ileile, ombi lilelile, majibu mawili. Kwa kuwa alifariki mwaka 1989, katika nchi zinazolinda kazi kwa miaka 70 baada ya kifo wasimamizi hao watakuwa na kauli hadi mwisho wa 2059. Kwa mtazamo wangu, mawakili wa jukwaa ni wachache kwa sababu kila nchi ina jibu lake, ingawa Mkataba wa Berne, makubaliano ya kimataifa ya hakimiliki, upo tangu 1886, na mtu hawezi kuyamudu yote akiwa peke yake.

#23 Mwandishi wa Usiku

Hoja ya Mfasiri imenikumbusha tatizo ambalo bado liko mezani kwangu. Katika mkataba mmoja niliruhusu onyesho lirekodiwe kwa ajili ya kumbukumbu tu. Kumbi zilipofungwa mwaka 2020, mtayarishaji aliiweka rekodi hiyo kwenye intaneti, awali bure, baadaye kwa malipo. Anasema ni njia ya kuwafikia watazamaji wakati wa dharura. Mimi nasema nilimpa haki ya jukwaa, si ya kurusha mtandaoni. Waigizaji nao wanauliza sehemu yao.

#24 Meza ya Mikataba

Usijibu barua yake yoyote kabla hujaangalia mambo haya: jinsi mkataba unavyofafanua onyesho, yaani kama unataja watazamaji waliopo ukumbini, kama kuna sentensi inayosema haki zote zisizotajwa zimebaki kwa mwandishi, na kama ruhusa ya kumbukumbu ina kikomo cha matumizi na mahali pa kuhifadhi nakala. Dharura inaweza kumsamehe mtayarishaji asiyeweza kufungua ukumbi kwa tarehe aliyoahidi. Haimpi haki ambayo hakuwahi kupewa. Waigizaji wana madai yao tofauti kama watendaji, na muziki una leseni yake nyingine ya kuunganishwa na picha, kwa hiyo huenda rekodi hiyo ina matatizo kadhaa kwa wakati mmoja.

#25 Hesabu Kwanza

Ushauri mzuri kabisa, na ndio unaonirudisha kwenye swali langu. Dada Mwandishi akipeleka mkataba huo kwa wakili, kuusoma vizuri na kuandika barua moja ya madai kunaweza kugharimu kuliko alichopata kutokana na onyesho lote. Nani atalipa?

#26 Meza ya Mikataba

Baadhi yetu hutoza ada moja iliyokubaliwa kwa kazi nzima badala ya saa. Wengine, kama ilivyo desturi katika burudani Marekani, huchukua asilimia 5 ya mapato yanayotokana na mkataba, na hapo wakili anashiriki bahati ya mteja wake, nzuri au mbaya. Mimi nina wateja wa mitaji wanaonilipia pango, na nina waandishi ambao nimewasubiri kwa miaka. Baadhi yao wamenilipa sana, baadhi hawajalipa hadi leo, na sijaona njia ya kutabiri nani atakuwa nani kwa kusoma mswada wa kwanza.

#27 Kiti cha Mbele

Dada Mwandishi wa Usiku, kama una nakala ya mkataba huo unayoweza kuionyesha ukiwa umefuta majina, ningependa kuusoma nikiwa na orodha ya #24 mkononi, kwa uelewa kwamba bado sijaapishwa na siwezi kukushauri kisheria. Nitaweka hapa maswali tu, na Mkuu wa Mikataba ayasahihishe.

#28 Mwandishi wa Usiku

Nitaituma kesho. Anza na ukurasa wa mwisho, kwenye viambatisho. Huko ndiko walikolificha neno «kumbukumbu».